Solo ya Malmsteen kwenye harusi ya Lamu: kosa ni la nani?

Kesi hii ya kijana wa taarab aliyepiga solo ndefu ya gitaa katikati ya wimbo imeshasikizwa kwenye kila baraza la mji kuanzia Langoni mpaka Mkomani na kila mtu ametoa hukumu yake. Wako wanaosema kijana kaharibu harusi ya watu, wako wanaosema ndio mara ya kwanza Lamu kusikia gitaa limepigwa likapigika, na wako wazee ambao hilo neno hevi metali lenyewe hawataki kulisikia. Mimi ni shabiki wa Yngwie Malmsteen, yule Mswidi mpiga gitaa wa hevi metali, tangu enzi za kaseti za kurekodi, harusini nilikuwepo, na naona pande zote zinabishana juu ya kitu ambacho sicho. Naieleza yote hapa halafu nitasema ninavyoona, na mashabiki wenzangu mnistahimilie manake kuna mahali mtaumia.

Tukio lenyewe lilikuwa hivi. Bendi ni ya taarab, ya vijana, kinanda kimoja, ngoma, gitaa la umeme, na udi wa mzee mmoja ambaye ndiye mwalimu wao. Mpiga gitaa mchana ni fundi simu, kijana mdogo, kajifundisha mwenyewe kwa video, na kati ya wapiga gitaa wote wa dunia hii akamshika mmoja tu, huyo Mswidi. Bendi ilikaa upande wa wanaume, wanawake wako ng'ambo ya pazia, na tunzo zilikuwa zinaletwa na watoto, yaani mtoto anatokeza chini ya pazia na noti ya mia au mia mbili anampelekea mwimbaji anarudi mbio kuchukua nyingine. Wimbo ulikuwa wa mapenzi, wa taratibu, ubeti wa pili umeisha na watoto wanapishana. Kawaida pale gitaa hupokea kidogo, linarudia yale mahadhi ya mwimbaji, halafu ubeti wa tatu unaingia.

Kijana akakanyaga pedali ya distoshen, ile inayokwaruza sauti ya gitaa. Akashuka na skeli, ile ngazi ya noti, kutoka juu kabisa ya shingo mpaka chini, akapanda tena kwa apejio, ile staili ya kufagia nyuzi kwa mkono mmoja, na aliyemsikiliza Malmsteen hata mara moja angejua imetoka wapi. Na vigelegele vikapigwa! Hili watu wanalisahau wakisimulia. Mzunguko wa kwanza wanawake walishangilia kweli kweli, mwenye macho aliona pazia linatikisika. Mzunguko wa pili watoto wakasimama na noti mkononi hawajui wampe nani. Wa tatu mwimbaji akafungua mdomo, akafunga, akafungua tena, kumbe ngoma imeshamkimbilia gitaa na wimbo wa taratibu umegeuka wa mbio, pa kuingilia hapana. Wa nne mwimbaji akaketi. Hapo ndipo tunzo zilipokauka, na hazikurudi mpaka nyimbo mbili mbele.

Kiongozi wa bendi akamkata kijana posho, na hiyo ndiyo iliyoleta maneno yote haya, manake bila pesa ugomvi wa muziki huwa unaisha na kahawa ya pili.

Barazani kesho yake wakagawanyika vile vile ambavyo mashabiki wa Malmsteen wamegawanyika dunia nzima kwa miaka arobaini, na sidhani hata mmoja wao alijua. Mmoja, nahodha wa boti za Shela, akasema "hana hisia huyu, ana vidole tu." Mwalimu mmoja wa sekondari kutoka bara, ambaye ni mtu wa roki wa kweli, akamjibu, bwana, masikio yako ndiyo mazito, mtu akipiga haraka wewe husikii kitu ndio unasema hakuna kitu. Mwingine akasema huyo Mswidi alikuwa mzuri zamani, siku hizi anajirudia. Mwingine akasema mpiga gitaa mzuri lakini mtu mwenyewe ana majivuno. Ukikaa na watu kumi wa hevi metali popote pale utayasikia maneno hayo hayo manne, labda kwa mpangilio tofauti.

Kwa wasiomjua, Malmsteen alizaliwa Stockholm 1963, akaitwa Marekani na Mike Varney wa kampuni ya rekodi ya Shrapnel Records baada ya kusikia kaseti yake ya majaribio, akapita bendi ya Steeler na Alcatrazz mwaka 1983, na 1984 akatoa albamu yake Rising Force ambayo karibu yote haina mtu anayeimba, ni gitaa tupu. Ilivyotoka, wapiga gitaa wengi ilibidi warudi chumbani wakafunge mlango wafanye mazoezi upya. Alichokifanya ni kuchukua mambo ya Bach na ya Paganini, yule Mtaliano wa violini, akayatia kwenye gitaa la umeme na sauti ya Ritchie Blackmore wa Deep Purple na fujo ya Hendrix. Kasi walikuwa nayo na wengine kabla yake. Yeye kasi yake ilikuwa safi, noti moja haijagusana na jirani yake, na ilikuwa na mahadhi ya kizamani ya Ulaya ndani yake.

Sasa hapo kwenye "hana hisia" ndipo nilipotaka tuache kubishana tusikilize. Fundi simu mwenyewe alikuwa na spika ndogo ya blututhi, tukaiweka barazani, tukatia "Black Star" ya kwenye hiyo albamu ya 1984 na tukaipunguza kasi nusu, ile ya YouTube haishushi sauti, inapunguza mwendo tu. Halafu tukatia video ya harusini, mtu alikuwa amerekodi kwa simu, nayo kasi nusu.

Ya Malmsteen ukiipunguza inabaki muziki. Noti zote zipo, zingine anazipiga kwa piki, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, na zingine anazing'oa na kidole cha mkono wa kushoto ndio maana zinateleza, na kila mstari wa mbio mwisho wake kuna noti moja ndefu, anauvuta uzi mpaka noti inafika mahali pake sawasawa halafu anautetemesha, mtetemo mpana, wa taratibu, kama mtu anayeimba. Hiyo noti ndefu ndiyo watu wa "hana hisia" hawaihesabu kabisa. Wanasikia zile noti thelathini zilizotangulia wanachoka kabla ya kufika. Nahodha mwenyewe aliposikia kwa mwendo ule akanyamaza kidogo, akasema haya, hapo analia. Kwa hiyo kwenye hoja hiyo mimi nasimama na Mswidi wazi wazi, anayesema Malmsteen hana hisia anatoa ripoti ya uvumilivu wake mwenyewe.

Ya kijana ukiipunguza ni mambo mengine. Mkono wa kushoto unafika kabla ya wa kulia, katikati kuna noti tatu nne zimemezwa, na anaikimbia ngoma badala ya kukaa juu yake. Hilo mtu wa umri wake utamsamehe, miaka miwili mitatu itanyooka. Lakini ile noti ndefu ya mwisho hakuna! Kila mara anafika mwisho wa mstari anaanza mstari mwingine. Kamchukua Malmsteen mzima mzima kaacha kitu kimoja tu, na hicho ndicho kilichokuwa kinampa msikilizaji nafasi ya kuvuta pumzi, na harusini ndicho kingempa mwimbaji mlango wa kurudi. Kijana alisikiliza video yake uso umeinama, hakujitetea, akaomba irudiwe.

Mzee wa udi alikuja baadaye, tayari kahawa imepoa. Wote tulimtegemea aseme hii ni kelele. Kijana akamwamkia, akamwambia, "Ami, nisikilizie hii," akamsogezea spika. Mzee akasikiliza ile ya kasi nusu, akasema "rudisha hapo," akarudishiwa, "tena," akarudishiwa, halafu akasema hii ni Hijaz, ile skeli ya muziki wa Kiarabu.

Na ni kweli, mwenye udi au kinanda ajaribu mwenyewe. Malmsteen anaishi kwenye skeli ambayo Wazungu wanaiita hamoniki maina, ukiipiga kutoka A ni A, B, C, D, E, F, G shapu. Ukianzia kwenye E badala ya A unapata E, F, G shapu, A, na ile hatua ndefu katikati ya F na G shapu ndiyo roho ya Hijaz, ndiyo unayoisikia kwenye kasida na kwenye nyimbo nyingi za udi tulizokua nazo huku. Ndio maana vigelegele vilipigwa mzunguko wa kwanza. Wale akina mama hawajawahi kumsikia Malmsteen maisha yao, walisikia kitu wanachokijua kinakuja kwa nguo nyingine. Mzee aliongeza kasoro moja, kwamba hatua yenyewe "imenyooka mno", na hapo yuko sawa pia manake shingo la gitaa lina vyuma vilivyopangwa kwa vipimo sawa, wapigaji wa Kiarabu hatua hiyo huibana kidogo, na udi hauna vyuma kwa hiyo kidole kinaweka sauti kinapotaka.

Halafu akauliza, mwimbaji anaingia saa ngapi? Tukamwambia haingii, hii haina mwimbaji. Akasema, "Basi hii ni taksim. Taksim hupigwa kabla." Akaomba kahawa nyingine, akaendelea kusikiliza, na akataka ile "Black Star" tangu mwanzo kwa kasi yake yenyewe, alipenda hasa ule mwanzo wa gitaa la kawaida lisilo na umeme.

Kwangu mimi hukumu ya kesi iko pale. Anayeijua taarab anajua taksim ni uwanja wa mpigaji, mwenye udi anakaa peke yake anaonyesha alichonacho, apige haraka, apige polepole, hakuna wa kumuuliza. Mwimbaji akishaanza uwanja si wako tena. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa hapa Lamu aliyefariki 2016, alikuwa na mkono mwepesi kuliko hao wote wa hapa, na sijawahi kumsikia mtu akimwambia hana hisia. Alikuwa anaimba mwenyewe na kupiga udi mwenyewe, kwa hiyo mkono wake ulijua lini mdomo unataka nafasi. Kijana wetu alipiga taksim katikati ya ubeti wa pili na wa tatu. Hata angepiga taratibu katikati pale kwa mizunguko minne, tunzo zingekauka vile vile.

Na hapa ndipo mashabiki wenzangu mtaumia, manake ukiangalia vizuri lawama kubwa ya mashabiki wa Malmsteen wenyewe juu yake ni hiyo hiyo, wanaifunika tu kwa maneno ya kasi. Watu wanapenda zile za mwanzo. Marching Out ya 1985 na Jeff Scott Soto, Trilogy ya 1986 na Mark Boals, Odyssey ya 1988 na Joe Lynn Turner ambaye aliwahi kuimba kwenye bendi ya Rainbow. Wengine watakutajia Facing the Animal ya 1997 na Mats Levén, na mimi siwapingi. Zote hizo ni albamu ambazo gitaa ni lile lile, skeli ni zile zile, kasi ile ile. Tofauti yake na za miaka ya karibuni ni kwamba kulikuwa na mtu mwingine studio mwenye sauti yake, unamsikia anaimba, anamaliza, gitaa linapasuka, anarudi. Waimbaji walikuja wakaondoka, mmoja baada ya mwingine, na tangu Spellbound ya 2012 kuimba amejibebesha mwenyewe kwa sehemu kubwa. Ukisikiliza World on Fire ya 2016 au Parabellum ya 2021 gitaa limekaa mbele kila mahali, ngoma ziko nyuma huko, sauti imezamishwa. Mkono haujapungua hata kidogo! Ila hakuna tena mtu wa kumwambia subiri. Yeye mwenyewe aliwahi kusema kwenye mahojiano kwamba hao wanaosema kidogo ni zaidi hawaelewi, kwake yeye zaidi ni zaidi. Kwenye albamu za gitaa tupu hiyo falsafa inamfaa sana. Kwenye nyimbo za kuimba ndiyo inayomponza.

Yule mwalimu wa bara hakukubaliana na mimi na bado hajakubali. Hoja yake ni kwamba tunamdai mtu kitu ambacho hakuahidi, Malmsteen alijitangaza kama Paganini, na Paganini nani alikwenda kumsikiliza kwa ajili ya mwimbaji? Akaleta na ile ya ajali, kwamba mwaka 1987 aligonga gari lake la Jaguar, akalala karibu wiki nzima hajitambui, neva za mkono wa kulia zikaumia, na mwaka uliofuata ameshatoa Odyssey na 1989 yuko Leningrad anapiga konseti. Mtu wa hivyo, anasema, ana haki ya kupiga noti ngapi anataka mpaka mwisho wa maisha yake. Sina jibu zuri la hilo zaidi ya kusema haki anayo na mimi nina haki ya kurudi kwenye Marching Out. Tena mwalimu anasahau kwamba 2016 Malmsteen alizunguka na Steve Vai, Zakk Wylde, Nuno Bettencourt na Tosin Abasi, huyo wa mwisho wazazi wake ni Wanaijeria, wapiga gitaa watano jukwaa moja, na hapo ilibidi asubiri zamu yake kama wengine.

Kuhusu majivuno mimi sitii neno. Hatumwozeshi mtu hapa.

Sasa yaliyotokea baada ya hapo. Mzee alikwenda kwa kiongozi wa bendi mwenyewe, na posho iliyokatwa ikarudi, si yote. Makubaliano ni kwamba kijana atapewa taksim yake kabla ya wimbo mmoja kila harusi, kama dakika mbili, bila pedali ya distoshen, na katikati ya beti anapokea mahadhi ya mwimbaji tu, akimaliza anashika noti moja anaiacha mpaka mwimbaji aingie. Harusi iliyofuata alifanya hivyo, ikaenda vizuri, ngoma ikakaa. Analalamika lakini, na lalamiko lake lina maana, kwamba kwenye taksim watu hawatunzi, wanasikiliza tu, kwa hiyo kazi ngumu kuliko zote usiku mzima ndiyo isiyoleta hata noti ya hamsini. Kiongozi anamwambia mgao ni sawa kwa wote, bado wanavutana.

Lingine ni la shingo la gitaa. Gitaa la Malmsteen, Stratocaster, ubao wa shingo umechimbwa katikati ya kila chuma na chuma, kidole hakigusi mbao, kinagusa uzi peke yake, ndio maana kuvuta na kutetemesha kunakuwa kwepesi. Hadithi yake ni kwamba akiwa kijana alifanya kazi kwa fundi wa ala za muziki akaona luti, ala ya nyuzi ya Ulaya, ya karne ya 17 imechimbwa hivyo, akaenda kujaribu kwenye gitaa lake. Luti yenyewe ni mtoto wa udi, ilifika Ulaya kutoka kwa Waarabu, kwa hiyo mzee wa udi aliposikia habari hiyo alifurahi kuliko sisi wote. Kijana akataka na lake lichimbwe. Akalipeleka kwa fundi seremala wa milango ya kuchonga, mtu ambaye patasi yake inatoa ua la Lamu kwenye mvule bila kuchora kwanza. Fundi akaligeuza geuza, akapitisha kidole gumba katikati ya vyuma, akauliza, nikichimba hivi halafu ukikandamiza kwa nguvu uzi si utaingia shimoni, sauti itapanda? Hajawahi kushika gitaa huyo, na ndio tatizo lenyewe, kwenye shingo la kuchimbwa mwenye mkono mzito anatoka nje ya sauti kila noti.

Akamtazama vidole, akamwambia lete shingo bovu kwanza nifanyie majaribio, hili lako siligusi. Limeshaagizwa Mombasa, linakuja na basi la Mokowe wiki hii.